Si netiwaki: dhana potofu kuhusu intakomu ya kujiundia

Hapa Busia, upande wa Uganda, netiwaki inabeba lawama nyingi zisizo zake. Simu ikikwama, netiwaki. Pesa ikichelewa kuingia, netiwaki. Basi mtu akijiundia intakomu, yaani kifaa cha kuongea kati ya duka na stoo, ikaanza kukoroma, ananiletea huku hukumu ameshaitoa: "Fundi, netiwaki ya huku mbaya."

"Bila bando haiongei."
Inaongea. ESP32, chipu ya kampuni ya Espressif ya China, ina redio ya Wi-Fi ndani yake. Kwa njia iitwayo ESP-NOW, chipu mbili hupelekeana sauti moja kwa moja, bila laini, bila ruta, bila mnara. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, kifaa cha namna hii hata kisingejua.

"Kachipu kadogo hivyo hakawezi kubeba sauti."
Piga hesabu. Sauti ya kiwango cha simu ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, na kila sampuli ni baiti moja. Pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, ya kawaida ya ESP-NOW hubeba hadi baiti 250, kwa hiyo pakiti 32 kwa sekunde zinatosha. Hata Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta chenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, inaweza ikiunganishwa na moduli ya redio ya nRF24L01. Ila pakiti ya nRF24L01 ni baiti 32, hivyo itahangaika kutuma 250 kila sekunde.

"Ikikoroma, mawimbi ni dhaifu. Nunua antena kubwa."
Hii ndiyo imekula pesa za watu. Mama mmoja anayeuza mchele wa jumla alikuja na antena mbili ndefu, mpya, na mkoromo uleule. Niliweka vifaa vyake vyote viwili juu ya meza, hatua moja kati yao. Trrr, trrr. Kama vinakoroma vikiwa vinatazamana, umbali umeingiaje hapo?

Tatizo lilikuwa umeme. Kila ESP32 inapotuma, huvuta mamia ya miliampia kwa ghafla, kisha huacha, kisha huvuta tena. Waya ukiwa mwembamba na mrefu, volti hushuka kila mvuto, na amplifaya hugeuza mshuko huo kuwa mlio. Nilichomea kapasita, kitu kinachoweka akiba ndogo ya umeme, ya mikrofaradi 470 kati ya chanya na hasi, palepale kwenye miguu ya chipu. Ukiiweka mwisho wa waya, karibu na chaja, umeipamba tu. Na mstari ulio kwenye ganda lake unaonyesha mguu wa hasi, ukikosea, inaweza kuharibika, hata kulipuka.

"Hiyo tu?"
"Hiyo tu, mama."

Ndugu yake tatizo hilo ni betri ya lithiamu ya volti 3.7 iliyopitishwa kwenye regyuleta ya AMS1117, kifaa cha kushusha volti na kuziweka sawa. Regyuleta hiyo inataka takribani volti moja zaidi ya zile inazotoa. Ili ikupe 3.3 safi, iingize zaidi ya 4.3, betri hiyo hata ikijaa pomoni ni 4.2. Asubuhi inaongea, mchana inajizima, na lawama zinarudi kwa netiwaki.

"Maikrofoni ni maikrofoni."
Kile kibao cha maikrofoni kiitwacho KY-038 kimewadanganya wengi. Kazi yake ni kusema kuna kelele au hakuna. Kwa maneno, tafuta INMP441, ambayo hutoa sauti ikiwa tayari ya kidijitali.

"Ya njia mbili maana yake wote tunaongea pamoja, kama simu."
Redio moja haitumi na kupokea kwa wakati mmoja. Hupokezana, ingawa kwa kasi. Na hata ukifaulu kuficha zamu hizo, spika ikikaa karibu na maikrofoni itapiga yowe la kufukuza wateja. Weka kitufe cha kubonyeza ukiongea, kama redio koli za askari wa getini. Ni bei ya karanga, na mimi nakipendelea hata pale pesa ipo.

"Tangazo limesema kilomita moja."
Uwanjani, labda, bila kitu katikati. Kwenye kuta za matofali na paa za mabati, usitegemee. Kwa nRF24L01 ya toleo lenye alama ya kujumlisha (nRF24L01+), shusha kasi hadi kilobiti 250 kwa sekunde. Kasi ndogo husikia mbali kuliko megabiti 2. Wengine hukata tamaa wakasema afadhali warushe FM. Hapana: masafa hayo yanasimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na kurusha bila leseni ni kosa.

"Hakuna atakayesikia, ni yetu wawili."
nRF24L01 haina kufuli. Mwenye moduli kama hiyo akiipata chaneli na anwani yako, anakusikiliza. ESP-NOW inaweza kufungwa kwa ufunguo wa baiti 16, mradi utume kwa anwani ya mwenzako, si kwa wote. Yule mama aliniambia nimfungie siku ileile. Bei anayonunulia mchele hataki duka la jirani liijue.