Degedege la makusudi

"Ana kifafa, kwa hiyo mtampiga shoti?" Ndugu za wagonjwa huniuliza hivyo mara nyingi. Hapana. Kifafa hutibiwa kwa vidonge. Tiba ya umeme, hiyo mnayoiita shoti, ni ya sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hasa mgonjwa anapokataa kula au kutaka kujiua, na ya katatonia, yaani mtu kuganda, hasemi wala hasogei.

Mkanganyiko una chimbuko lake. Mwaka 1934, mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwatia degedege kwa kemikali wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, akiamini maradhi hayo na kifafa hayakai mwili mmoja. Alikosea, hukaa, ila baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Mwaka 1938 huko Roma, madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini wakaweka umeme mahali pa kemikali. Kinachotibu ni degedege lenyewe. Umeme ni kiberiti tu.

Zamani ilifanywa mgonjwa akiwa macho, na mifupa ya mgongo ilivunjika. Hofu ya watu imebaki hapo. Siku hizi mgonjwa hali chakula kwa saa 6, hudungwa nusu kaputi, kisha suksamethoniamu ya kulegeza misuli, na hupewa oksijeni na kizuizi cha meno. Umeme hupita kichwani kwa sekunde chache, degedege huisha ndani ya dakika moja hivi. Kabla ya kumlegeza tunakaza mkanda wa presha kwenye mguu mmoja, dawa isifike huko: mguu huo ndio utakaotukutika tuuone. Hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa kawaida mara 6 hadi 12.

Mwenye kifafa anayehitaji tiba hii atutajie dawa zake zote. Dawa za kifafa kama valproeti au kabamazepini huweza kuzuia degedege lisiwake, lakini asiziache mwenyewe: kuziacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma.

Madhara yapo, tusiyafiche: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa kwa muda, na kusahau mambo ya kipindi cha matibabu, kwa wengine kumbukumbu fulani hazirudi.

Na anayeanguka kifafa barabarani? Mate yake hayaambukizi. Usimtie kijiko mdomoni. Ulimi haumezwi, meno ndiyo huvunjika. Weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, mtukutiko ukiisha mlaze ubavu. Zikipita dakika 5 hajatulia, akimbizwe hospitali.