Je, wajua kwa nini timu ya NBA inaweza kutamani kushika mkia?

Msimu wa 2015–16 timu ya mpira wa kikapu ya Philadelphia 76ers, ya ligi ya NBA ya Marekani, ilicheza mechi 82, ikafungwa 72. Msimu uliotangulia ilifungwa 64, na ule wa kabla yake 63. Ukijumlisha unapata vipigo 199 kwa misimu mitatu, ushindi 47 tu. Kwa hesabu hiyo ungetarajia mji mzima umtimue meneja mkuu kwa mawe. Waliotaka hivyo walikuwapo. Lakini walikuwapo pia, na si wachache, waliomtetea kama mtoto wa mama mmoja, wakasema jamaa anajua anachofanya, mwacheni amalize kazi. Hata leo, ukitaka kuwaona watu wazima wa Philadelphia wakikatana kauli mezani, wewe taja tu jina la meneja huyo, Sam Hinkie.

Sisi tuliolelewa na soka jambo hili linatusumbua kulielewa, kwa sababu kwetu anayeshika mkia hushuka daraja. NBA haina daraja la kushuka. Timu ni 30, na msimu ukiisha ni zile zile 30. Tena aliyefanya vibaya hupewa pole: zamu ya mbele kwenye drafti. Siyo drafti ile ya barazani ya kete na vizibo vya soda. Hii ni shughuli ya kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Juni, ambapo timu huwachukua vijana wapya mmoja mmoja kwa zamu. Kijana hachagui aende wapi. Anachaguliwa, na mshahara wake wa miaka ya mwanzo umeshapangwa na kanuni, kwa hiyo ukiokota nyota pale unakuwa naye kwa bei ya chee miaka minne hivi, wakati wenzako wanalipa mamilioni kwa mtu wa kiwango chake.

Zamu zenyewe hazigawiwi kwa kufuata mkia moja kwa moja. Kuna bahati nasibu. Mipira 14 midogo, ya aina ile ya tenisi ya meza, yenye namba 1 hadi 14, hutiwa kwenye mashine inayoichanganya kwa upepo, kisha hutolewa minne. Ukipiga hesabu utaona kuna michanganyo 1,001 ya namba nne. Mmoja huachwa bila mwenyewe, na ukitokea huo wanarudia. Ile 1,000 iliyobaki hugawiwa timu ambazo hazikufuzu hatua ya mtoano. Enzi za Hinkie, timu mbovu kuliko zote ilipewa michanganyo 250, yaani nafasi moja katika nne ya kuchagua wa kwanza. Na kwa kuwa zilizochezeshewa bahati nasibu zilikuwa zamu tatu za juu tu, timu hiyo haikuweza kuangukia chini ya zamu ya nne, hata bahati ikimkataa vipi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja. Kikapu kinachezwa na watu watano kwa kila upande, na nyota anaweza kukaa uwanjani dakika 35 au zaidi kati ya 48. Mtu mmoja anabeba timu kwa namna ambayo mshambuliaji wa soka, mwenye wenzake kumi, hawezi kabisa. Bila mtu wa aina hiyo hutwai ubingwa. Historia ya ligi hii ina timu chache mno zilizowahi kuutwaa bila yeye. Na watu hao wakiwa huru kuchagua wenyewe, wengi huangalia Los Angeles au Miami. Mji wa baridi wenye timu ya wastani unabakiwa na njia mbili: kubadilishana wachezaji, au drafti. Pabaya kuliko pote, kwa hiyo, si mkiani. Ni katikati, ambako huingii mtoano wala hupati zamu ya maana, na mwaka unaofuata unaanza pale pale ulipoachia.

Philadelphia walikuwa wamekaa kwenye tope hilo la katikati kwa miaka, na walijaribu kuruka. Agosti 2012, kabla Hinkie hajafika, uongozi wa wakati huo ulimchukua Andrew Bynum, jitu la Los Angeles Lakers. Ili kumpata, walimtoa Andre Iguodala, walimtoa Nikola Vucevic, na juu yake wakaahidi kuipa Orlando Magic zamu yao ya drafti ya baadaye. Bynum alikuwa na magoti mabovu. Hakucheza hata mechi moja kwa timu hiyo. Ukisikia shabiki wa Philadelphia akisema bora subira kuliko njia ya mkato, jina la Bynum ndilo lililo kichwani mwake.

Hinkie aliajiriwa Mei 2013 kutoka Houston Rockets, alikokuwa msaidizi wa Daryl Morey, meneja aliyesifika kwa kuamini takwimu kuliko macho. Usiku wa drafti yake ya kwanza, tarehe 27 Juni, alimtoa Jrue Holiday kwenda New Orleans. Holiday alikuwa na miaka 23 na msimu huo ndio kwanza alikuwa amechaguliwa kwenye mechi ya nyota wote. Badala yake Hinkie alipokea Nerlens Noel, kijana aliyechanika goti na ambaye angekaa nje msimu mzima, pamoja na zamu ya drafti ya 2014. Yaani kwa siku moja timu ikawa mbovu zaidi leo, na tajiri zaidi kesho kutwa.

Hapa ndipo ubishi wote unapoanzia, na ningependa tuifuate ile zamu ya 2014 tuone ilikoishia, maana mashabiki wa pande zote mbili hupenda kukata hadithi pale inapowafaa.

Zamu ile ikawa ya kumi. Hinkie alijua Orlando wanamtaka Elfrid Payton, akamchagua Payton, halafu akawauzia. Nao wakampa Dario Saric, Mkroeshia ambaye kwanza angebaki Ulaya miaka miwili, na wakarudisha ile zamu ya Philadelphia waliyoipata kwenye balaa la Bynum. Yaani Hinkie aliikomboa rehani ya mtangulizi wake kwa kumshika mchezaji mmoja kwa muda wa dakika chache. Zamu iliyokombolewa ilikuwa ya 2017. Kiangazi cha 2015 akawakuta Sacramento Kings wana haraka ya kupunguza mishahara. Akawabebea mizigo yao, nao wakampa, pamoja na mengine, haki ya kubadilishana zamu nao mwaka huo huo wa 2017. Siku ya bahati nasibu zamu ya Philadelphia ilitoka ya tano na ya Sacramento ya tatu. Wakabadilishana. Ya tatu hiyo, ikiongezewa zamu nyingine ya baadaye, ilipelekwa Boston ikapatikana ya kwanza kabisa.

Mpaka hapo ni kama kuangalia mtu akibadilisha kuku mmoja mpaka anatoka sokoni na ng'ombe. Ila aliyechagua kwa zamu ile ya kwanza hakuwa Hinkie tena. Waliochagua walimchukua Markelle Fultz, ambaye bega lilimharibikia na mtupo wake ukapotea. Boston, kwa zamu ya tatu waliyopokea, wakamchukua Jayson Tatum, ambaye mwaka 2024 alitwaa nao ubingwa. Na Fultz? Februari 2019 aliuzwa Orlando, kule kule rehani ilikotoka.

Je, huo mnyororo ni sifa ya Hinkie au ni aibu yake? Wanaomtetea wanasema aliacha akiba na wengine wakaitumbua. Wanaompinga wanasema zamu si mchezaji, ni karatasi tu, na mtu anayerundika karatasi bila siku ya kuzitumia hajajenga timu. Mimi naona hoja ya pili ina uzito kuliko watetezi wanavyokubali. Mwaka 2015 Hinkie mwenyewe alikuwa na zamu ya tatu, akamchagua Jahlil Okafor, mfungaji wa chini ya kikapu wa mtindo ambao ligi ilikuwa inaupa mgongo. New York, waliofuata, wakamchukua Kristaps Porzingis. Kukusanya kete na kuzicheza ni vipaji viwili.

Jambo jingine lililowachoma wapinzani wake ni jinsi watu walivyopita pale kama abiria stendi. Michael Carter-Williams alianza maisha yake ya NBA tarehe 30 Oktoba 2013 kwa kuwafunga mabingwa Miami Heat: pointi 22, pasi za mwisho 12, mipira 9 aliyowapokonya. Mwisho wa msimu akawa Mchezaji Bora Chipukizi, ingawa timu yenyewe ilikuwa imefungwa mechi 26 mfululizo. Februari 2015 akauzwa. Mwezi huo huo alipokelewa JaVale McGee kutoka Denver, si kwa kuwa alihitajika, bali kwa kuwa mshahara wake mkubwa ulikuja umefungashiwa zamu ya drafti. Alicheza mechi 6, akaachwa. Ikumbukwe kwamba wachezaji hawakuwa wakiuza mechi. Walipigana usiku baada ya usiku, na kocha Brett Brown alifundisha kwa moyo. Aliyehakikisha hawashindi ni yule aliyepanga nani awepo chumba cha kuvalia. Hata hivyo katika vurugu hiyo waliibuka watu ambao hakuna mwingine aliyewataka: Robert Covington na T.J. McConnell hawakuchaguliwa na yeyote kwenye drafti, na wote wawili wakaja kuwa wachezaji wa kuheshimika.

Karata kubwa ilikuwa Joel Embiid. Kijana wa Yaounde, aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15, alichaguliwa wa tatu mwaka 2014 akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Hakucheza msimu wa kwanza. Hakucheza na wa pili. Tarehe 6 Aprili 2016, baada ya wamiliki kumleta mzee Jerry Colangelo awe juu yake, Hinkie alijiuzulu kwa barua ya kurasa 13 iliyozungumzia, pamoja na mengine, ndege moa wa New Zealand aliyetoweka duniani, na umuhimu wa kuwa mtu anayetazama mbali kuliko wote chumbani. Barua ile nayo iliwagawa watu: wengine waliona hekima, wengine waliona mtu aliyefungwa karibu mechi 200 akitoa mhadhara. Wiki chache baadaye timu ikashinda bahati nasibu, ikampata Ben Simmons. Oktoba Embiid akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza, akafunga pointi 20. Msimu wa 2017–18 timu ilishinda mechi 52.

Sasa mtazame meneja mwingine. Masai Ujiri, baba Mnigeria na mama Mkenya, aliyekulia Zaria, alikuwa akiiendesha Toronto Raptors. Julai 2018 alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji aliyecheza pale misimu tisa na kusema hataki kuondoka, akamchukua Kawhi Leonard, aliyekuwa ametoka kwenye majeraha na mwenye mwaka mmoja tu uliobaki kwenye mkataba. Hakungoja drafti. Aliitupa karata yote mezani. Toronto walinuna, DeRozan aliona kama amesalitiwa.

Timu hizo mbili zikakutana mechi ya saba ya nusu fainali ya kanda, Mei 2019, huku kwetu ikiwa Jumatatu kabla ya adhana ya alfajiri. 90 kwa 90. Kawhi akapokea mpira, akakimbia na mstari hadi pembeni, Embiid akimfuata mkono juu, akatupa akiwa anaangukia nje. King'ora kililia mpira ukiwa hewani. Ukagonga chuma mara moja, ukaruka juu. Ukagonga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Ukazama. Embiid alitoka akilia. Mwezi uliofuata Toronto walikuwa mabingwa, na Julai Kawhi akahamia Los Angeles Clippers.

Mpira ule ungedondokea upande wa pili mechi ingeenda muda wa nyongeza, na huenda leo tungekuwa tunamsimulia Ujiri kama mtu aliyemuuza kipenzi cha mji kwa mgeni wa mwaka mmoja. Uamuzi wake ungekuwa ule ule, wa Julai 2018, haujabadilika hata nukta. Hii ndiyo sababu ubishi wa mashabiki hauishi: mmoja anahukumu uamuzi, mwenzake anahukumu matokeo, na wote wawili wanadhani wanabishana kuhusu kitu kimoja. Watetezi wa Hinkie walijifunza kwake kuhukumu uamuzi. Embiid alipokuwa Mchezaji Bora wa msimu wa 2022–23 walimtaja kama ushahidi. Hapo, utagundua, walikuwa wameshahamia kwenye matokeo. Wapinzani wakawajibu kwamba tangu 2001 timu haijafika hata fainali ya kanda.

Ligi nayo ilijibu. Kuanzia bahati nasibu ya 2019, timu tatu mbovu kuliko zote zilipewa nafasi ya asilimia 14 kila moja ya kuchagua wa kwanza, badala ya ile 25 ya mwisho wa orodha. Dallas Mavericks, waliomuuza Luka Doncic Februari 2025 na kuzomewa na mashabiki wao wenyewe, walishinda bahati nasibu ya mwaka huo wakiwa na asilimia 1.8, wakampata Cooper Flagg. Meneja wao alifukuzwa Novemba hata hivyo.

Msimu wa 2024–25 Embiid alikuwa majeruhi, Philadelphia ikamaliza na ushindi 24. Zamu yao ilikuwa iende Oklahoma City kama ingeangukia nje ya sita za kwanza, kwa hiyo mwezi wa Aprili kila kipigo kilikuwa na faida. Ikatoka ya tatu, ikabaki nyumbani. Aliyekuwa akiongoza idara ya kikapu pale Philadelphia wakati huo ni Daryl Morey, bosi wa zamani wa Hinkie kule Houston.