Je, wajua kwa nini ala ya khukuri ina visu viwili vidogo, na kimoja hakikati?

Mtu akipata khukuri kuukuu, kile kisu kilichopinda cha Nepal, macho yake yote huenda kwenye bapa. Mimi humwomba kwanza aigeuze ala. Upande wa nyuma, karibu na mdomo wake, mara nyingi huchomoza mipini miwili midogo. Wengi huiona kama mapambo, na wengine huipoteza bila kujali. Ni hasara kubwa.

Kisu cha kwanza huitwa karda. Kina makali, na kazi yake ni zile ambazo khukuri yenyewe ni kubwa mno kuzifanya: kumenya, kuchuna ngozi, kuchonga kijiti. Cha pili ni chakmak, na hapo ndipo watu hukosea. Ukipitisha kidole ukingoni hakikwaruzi, basi husema kimeisha makali. Hakijaisha, maana hakikutengenezwa kikate. Ni chuma kigumu kilichoachwa butu makusudi. Makali ya khukuri yakijikunja baada ya kupasua kuni au kukata mifupa, mwenyewe huyapitishia chakmak hadi yanyooke tena. Chakmak pia ilikuwa kiberiti. Kwa Kihindi neno hilohilo hutumika kwa jiwe la gumegume: piga jiwe kwa chuma hicho, cheche zinaruka. Ndiyo maana baadhi ya ala za zamani zina pia kifuko cha ngozi cha kuwekea gumegume na nyuzi kavu za kushika moto. Mkulima wa milimani aliyekuwa safarini alibeba panga, kisu cha jikoni, kinoo na moto, vyote kiunoni.

Kwa hiyo vidude hivi ni ushahidi mzuri wa umri. Mipini yake ikiwa ya mti au pembe ileile ya mpini mkubwa, na imechakaa kwa kiasi kilekile, kuna uwezekano mkubwa vimeishi pamoja tangu mwanzo. Vikiwa bati jembamba lisiloweza kukata wala kutoa cheche, shuku kwamba seti nzima iliundwa kwa ajili ya watalii. Kichwa cha simba cha shaba mwishoni mwa mpini, au neno INDIA kwenye bapa, husema hivyo waziwazi zaidi.

Ala nayo ina maneno yake. Za zamani nyingi hazina mkanda wa kuning'inizia, kwa sababu khukuri ilichomekwa kwenye patuka, kitambaa kirefu cha kujifunga kiunoni. Bapa refu, jembamba, lenye mpini mdogo, ni la mtindo uitwao hanshee, wa karne ya 18 na 19. Khukuri za jeshi la Uingereza (Waingereza walianza kuwaajiri Wagurkha, askari kutoka Nepal, mwaka 1815) huwa na mihuri: mwaka, namba, wakati mwingine alama ya mshale. Zile za jeshi la Nepal zina maandishi ya Kidevanagari, herufi za kuandikia Kinepali. Nyingi za aina hii zilitawanyika duniani baada ya wafanyabiashara wa Marekani kununua ghala kuukuu la silaha mjini Kathmandu mwaka 2003.

Hata Tanga kisu hiki kilifika. Novemba 1914, miongoni mwa wanajeshi walioletwa na Waingereza kutoka India kuwashambulia Wajerumani, walikuwamo Wagurkha wa kikosi cha Kashmir Rifles.

Kuna hadithi kwamba khukuri ikichomolewa lazima imwage damu. Si kweli. Huko Nepal huchomolewa kila siku kukata kuni na majani ya mifugo.

Ukipata moja, usiikimbilie kwa msasa. Mihuri haina kina kirefu, na ikishafutika hairudi. Futa vumbi, paka mafuta kidogo, kisha vivute vile visu viwili vidogo taratibu, kwa kuwa kutu huvigandisha ndani ya ala na ngozi kavu huchanika upesi.