Je, wajua? Ile mashine ya fizio yenye jeli inapasha mwili joto kwa kutumia sauti

Kama umewahi kulala kwenye kitanda cha fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) ukapakwa jeli ya baridi, halafu akaanza kukuzungushia kile kichwa cha chuma kama anapiga pasi, lazima ulijiuliza, sasa hii kitu inafanya nini mbona sisikii chochote? Umeambiwa inapasha joto, ila chuma chenyewe si cha moto, jeli ndo kabisa ni baridi. Joto linatoka wapi?

Jibu ni kwamba halitoki kwenye mashine yenyewe (inaitwa ultrasaundi), linazaliwa humo humo ndani ya mwili wako.

Ndani ya kile kichwa kuna kijiwe maalum cha fuwele ambacho ukikipitishia umeme kinatetemeka (ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, ndo waligundua mwaka 1880 kwamba vijiwe vya aina hii vikibanwa vinatoa umeme, na baadaye ikaonekana kinyume chake nacho kinawezekana). Kwenye mashine za fizio kinatetemeka mara milioni 1 au milioni 3 kwa sekunde, yaani megahezi 1 au 3, wakati sikio la binadamu linaishia mitetemo kama elfu 20 tu, kwa hiyo ni sauti kabisa ila huwezi kuisikia. Ikiingia mwilini inasukumasukuma chembechembe za nyama, zinasuguana, nguvu ya sauti inageuka joto. Ni ile ile ukisugua viganja vyako.

Na hapa ndo panaponifurahisha mimi, si kila sehemu inainyonya hiyo sauti sawa. Mafuta yanaiachia ipite tu, damu nayo hivyo hivyo karibu, ila kano (zinazofunga msuli kwenye mfupa) na ligamenti (zinazofunga mfupa kwa mfupa) ambazo zimejaa protini ya kolajeni zinainyonya sana, na mfupa ndo kabisa. Chupa ya maji ya moto haiwezi hiyo, yenyewe inaanza na ngozi na joto likishuka kama sentimita moja hivi linakuwa limeshaisha nguvu, kwa sababu mafuta chini ya ngozi yanalizuia na damu inalibeba inaondoka nalo. Ultrasaundi ya megahezi 1 inafika sentimita kama 5 huko ndani, ile ya 3 inaishia juu juu, sentimita 2 hivi, ndo maana ya goti au kifundo cha mguu si sawa na ya paja.

Jeli yenyewe haina dawa yoyote (kwa kawaida), kazi yake ni kufukuza hewa. Sauti ya namna hii ikikuta hewa inarudi karibu yote ilikotoka, basi bila jeli utazungushiwa chuma mpaka jioni na huko ndani hakuna kitu, kitakachopata moto ni kichwa cha mashine.

Sasa tuje kwenye dakika maana hapa wengi tunapigwa bila kujua. Ili kano ilainike iweze kuvutika inatakiwa ipande joto kama nyuzi 4. Vipimo vilivyofanywa kwenye misuli ya watu vimeonyesha kwamba kwa nguvu ya wati 1.5 kwa sentimita mraba, megahezi 3 inapandisha karibu nyuzi 0.9 kwa dakika, ila megahezi 1 ni nyuzi 0.3 tu. Piga hesabu mwenyewe, ya kwanza inachukua kama dakika 5, ya pili dakika 13. Kwa hiyo mtu akikupitishia ile ya 1 dakika tano kwenye paja zima kuanzia juu mpaka goti, amekupaka jeli tu huyo, kwa sababu eneo lenyewe linatakiwa lisizidi mara mbili ya ukubwa wa kile kichwa. Na joto likishapatikana halikai, dakika chache tu damu imeshalisambaza, kwa hiyo kama lengo ni kunyoosha kiungo kilichokaza kinyooshwe hapo hapo, sio uende kubadili nguo kwanza urudi.

Je, inaponya? Joto lenyewe linaongeza damu, linalegeza, linapunguza maumivu kwa muda, hilo halina ubishi. Ila mwaka 2001 jarida la Physical Therapy lilichapisha mapitio ya tafiti 35, zilizofanywa vizuri zikapatikana 10 tu, na kati ya hizo 8 zikaonyesha haina tofauti na kuzungushiwa mashine ya danganya toto. Na kumdanganya mtu ni rahisi kweli, si tumeshasema husikii kitu! Mimi naona ni kifaa cha kuandaa kiungo kabla ya mazoezi, ukiondoa mazoezi kinachobaki ni kidogo sana.

Alafu kama umeteguka leo na panavimba, joto la aina yoyote subiri siku mbili tatu, maana kuongeza damu pale ni kuongeza uvimbe. Mjamzito asiwekewe tumboni wala kiunoni, haipiti juu ya jicho wala penye saratani, na kwa watoto wanaokua wanakwepa ncha za mifupa. Na ukianza kuhisi maumivu ya kuchimba kama yanatoka ndani ya mfupa sema saa hiyo hiyo, usijikaze, ni utando wa mfupa unaungua kwa sababu kichwa kimesimama sehemu moja au nguvu imezidi, na juu kwenye ngozi fizio hataona alama yoyote.