Zebaki kwenye krimu za kujichubua: maswali tunayoulizwa kliniki

Krimu ya uso inahusiana vipi na kinga ya mwili?

Baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki, madini ya sumu yanayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki hupenya ngozini, huingia kwenye damu na kurundikana kwenye figo. Kwa baadhi ya watu huivuruga kinga ya mwili hata ikaanza kushambulia vichujio vya figo, na vichujio hivyo vikiharibika, protini humwagika kwenye mkojo, zikiwamo zile ambazo mwili hutumia kupambana na vijidudu, hivyo mgonjwa anaweza kuandamwa na nimonia na maambukizi ya ngozi. Jambo hili si jipya: mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa za watu wazima wenye maradhi haya ya figo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua.

Macho yangu huvimba asubuhi na mkojo una povu. Nisubiri kidogo?

Usisubiri. Wagonjwa wengi tunaowapokea waliambiwa kwamba ni usingizi, wakanywa dawa za mitishamba za "kusafisha figo" kwa miezi kadhaa, wakafika kwetu miguu imejaa maji na viatu haviingii, ilhali kipimo cha protini kwenye mkojo huchukua dakika chache tu.

Lakini sisikii maumivu yoyote.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Povu lisiloisha kwenye mkojo linatosha kukuleta kituoni. Usisubiri maumivu, wala usisubiri miguu ivimbe.

Niache krimu kidogo kidogo?

Hapana, iache leo. Ikiwa ina steroidi pia (dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi), ngozi inaweza kuwaka ukiiacha, na tutakusaidia kwa hilo, lakini zebaki haipunguzwi kwa awamu. Wengi walioiacha mapema figo zao zilipona baada ya miezi kadhaa.

Ni lazima nimwambie daktari kwamba najichubua?

Ni lazima. Tunakuomba kwa heshima usifiche, kwa sababu ukificha tutatibu uvimbe nawe utarudi nyumbani kujipaka sumu ileile. Njoo na kopo lenyewe, hata kama ni mkorogo usio na lebo, ukiwa umelifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Tueleze pia kuhusu watoto unaolala nao, kwa kuwa zebaki hubaki kwenye mito na taulo, nao huipata bila kujipaka.