Mgongo unauma, miguu inalegea: maswali kuhusu IRM

IRM ni nini?
Ni mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu sana na mawimbi ya redio. Haina miale kama radio (eksirei) au skana (CT). Unalala bila kujitikisa, mara nyingi dakika 20 hadi 60, huku inagonga kwa kelele. Haiumi. Wala haitibu.

Inasaidiaje kutofautisha magonjwa?
Inaonyesha vizuri sehemu laini: ubongo, uti wa mgongo, kano za goti. Chukua mgongo, maana ndio unaojaza mabenchi yetu ya hospitali hapa Goma, wasukuma chukudu (skuta za mbao za mizigo) na akina mama wanaobeba mizigo kutoka soko la Kituku. Maumivu ni yaleyale, ila kwa mmoja diski, yaani kitakia kati ya pingili za mgongo, imetoka na kubana neva, kwa mwingine ni kifua kikuu cha mifupa, kwa mzee huenda ni saratani ya tezi dume iliyofika mgongoni. Kwenye picha, diski inaonekana imesukuma neva huku mifupa ikiwa mizima. Kifua kikuu mara nyingi hula pingili mbili zinazopakana na kuacha usaha pembeni. Radio huchelewa kuyaona hayo. Na matibabu hayafanani hata kidogo: kifua kikuu kina dawa za miezi mingi, tena za bure, na wengi wenye diski hupona bila kupasuliwa.

Mgongo unaniuma tangu juzi. Niombe IRM?
Hapana. Maumivu mengi ya mgongo hupoa ndani ya wiki chache. Isitoshe, IRM huonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasioumwa, kwa hiyo muganga (daktari wa hospitali) akupime kwanza. Lakini ukiwa na homa, jasho la usiku au unakonda, usingoje.

Miguu inalegea. Nikusanye kwanza pesa za IRM?
Hapana. Nenda hospitali leo. Miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma au kujitokea wenyewe: leo. Si zamu yako ya likilimba (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu) ikifika, si mjomba akituma dola. Muganga anaanza na mikono yake na kinyundo, sio na mashine, na neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi.

Nikikandwa kwanza je?
Hapana, tafadhali, hapana. Tunapokea watu wenye chale mbichi kiunoni, kibofu kimejaa mpaka karibu na kitovu, na familia inatuambia “tulimpeleka anyooshwe”. Mgongo ulioliwa na kifua kikuu ukivutwa unaweza kuvunjika. Na sindano za diklofenaki za farmasi ya mtaani zinaficha maumivu tu, ugonjwa unaendelea.

Nina kipande cha bomu mwilini. Niseme?
Sema kabla ya kuingia. Risasi, kifaa cha moyo, chembe za chuma machoni kwa wanaochomelea: sumaku inaweza kuvisogeza au kuviharibu. Hatuulizi nani alikupiga risasi.

Miguu imelegea Jumamosi usiku. Tungoje Jumatatu?
Hapana. Dharura hupokelewa hata Jumapili. Msimbane mgonjwa kwenye moto (pikipiki) kati ya watu wawili. Alazwe chali kwenye gari, na mje na picha zake zote za zamani.