Konsoli yako haijafa: dhana potofu kuhusu gemu za mkononi zilizoharibika kwenye kumodi

Kuna dakika moja mbaya sana kwenye hii kazi ya kumodi, yaani kuifungua konsoli ya gemu na kuibadilisha mwenyewe. Umefungua konsoli, umebadilisha kioo au umechomea chipu au umeweka fimwea (programu ya ndani ya konsoli) isiyo ya kiwandani, unabonyeza pawa, kimya. Hapohapo mkono unarudi wenyewe kwenye bisibisi, unafungua tena, unavuta mkanda (ule waya bapa wa kioo), unapandisha moto wa pasi ya kuchomea, unajaribu tena, na kwa uzoefu wangu hapo ndo konsoli nyingi zinapokufa kweli, sio kwenye kosa la kwanza bali kwenye yale manne matano yanayofuata, mtu ana presha na ameshika kitu alichokipenda tangu mtoto. Nyingi nilizoletewa nikaambiwa zimekufa, kosa la mwanzo lilikuwa dogo tu, fyuzi, mkanda, padi moja (kile kibati kidogo cha shaba kwenye bodi unapochomea), ila juu yake kumerundikwa makosa ya kuokolea. Na hayo makosa ya kuokolea yanatokana na mambo tunayoambizana sisi wenyewe ambayo sio kweli.

"Haiwaki kabisa, basi bodi imeungua"

Hii ndo mbaya kuliko zote, maana mtu akishaamini bodi imeungua anajiona hana cha kupoteza. Kutowaka ni dalili tu, haikuambii kilichoharibika ni nini.

Chukua DS Lite ya Nintendo. Ndani yake kuna fyuzi mbili ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye bodi zimeandikwa F1 na F2, moja iko njia ya chaji nyingine njia ya betri. Mtu anabadilisha kava, anarudisha betri kabla hajamaliza kufunga ili ajaribu, bisibisi inagusa pasipotakiwa au mkanda wa kioo cha juu umekaa upande, fyuzi inakatika na konsoli inakuwa kama jiwe. Fyuzi imefanya kazi yake, imekatika ili bodi ibaki. Yangu niliikata hivohivo. Nilichukua mita ya umeme nikaiweka kwenye mlio (inalia ikikuta njia haijakatika), betri nimeshatoa, ncha moja upande huu wa F1 ncha nyingine upande ule, ikalia piii, hiyo nzima. Nikahamia F2, kimya. Nikasogeza ncha nikabonyeza vizuri, bado kimya. Yaani bodi nzima ile yenye vipande kibao kilichokufa ni kimoja, na mimi siku mbili nilikuwa natafuta bodi nyingine ya kununua.

Na kama taa ya kijani inawaka sekunde moja, spika zinatoa mlio mdogo alafu inazima, hiyo wala sio fyuzi. DS Lite ikiwaka inakagua vioo vyake viwili, ikikikosa kimoja inajizima yenyewe. Hapo unaangalia mikanda, hasa ule unaopita kwenye bawaba, maana unapitishwa ukiwa umekunjwa kama sigara na ukichanika hata milimita moja pembeni umeisha.

Alafu kuna Switch, nayo ya Nintendo. Mtu ameingiza kile kipande kinachounganisha pini kwenye reli ya pembeni, amebonyeza sauti juu na pawa, kioo cheusi, akaita imekufa. Kumbe imewaka, iko kwenye ile hali ya ukarabati inayoitwa RCM, na ukiwa RCM kioo hakioneshi chochote, hakuna nembo hakuna mwanga, na betri inaendelea kuliwa. Shikilia pawa sekunde 12 au zaidi, iachie, iwashe kawaida. Wapo waliofungua Switch nzima na kung'oa bodi kwa ajili ya kioo cheusi cha namna hii, na inaniuma kweli kila nikikutana nayo.

"Fyuzi ikikatika piga jampa tu, itawaka"

Jampa ni waya wa kuruka sehemu iliyokatika. Itawaka ndio, na inawezekana ikawa mara ya mwisho. Fyuzi haikatiki bila sababu, na kama sababu bado ipo umeme wa betri ya lithiamu utapita kwenye huo waya wako bila kizuizi na utatafuta sehemu nyingine nyembamba ya kuunguza, mara nyingi chipu ya pawa au njia ya ndani ya bodi ambayo hata huioni. Kabla ya kuweka fyuzi mpya toa betri, pima ukinzani kati ya upande wa fyuzi unaoingia kwenye bodi na graundi (upande hasi wa bodi), ikisoma karibu na ziro shoti bado ipo, itafute kwanza: tone la risasi ya kuchomea lililoruka, kapasita iliyopasuka, skrubu iliyodondoka ikalala chini ya bodi. Ila na hapa angalia, kuna laini za prosesa ambazo kwa kawaida yake zinasoma omu chache sana na mita inaweza hata kulia, usione hivo ukaanza kung'oa prosesa. Ukipata bodi nzima ya aina ileile linganisha vipimo.

"Risasi haiyeyuki, ongeza moto na ubonyeze kwa nguvu"

Padi nyingi zinang'olewa na ushauri huu. Kuna sababu risasi ya kiwandani inagoma. Bodi za zamani, kama za Game Boy ya 1989, zilichomwa kwa risasi yenye madini ya risasi (ledi) kweli, na ile ya mchanganyiko wa 63 kwa 37 inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Sheria ya Ulaya ya RoHS, inayobana madini ya sumu kwenye vifaa vya umeme, ilipoanza kufanya kazi Julai 2006 viwanda vingi vikahamia risasi isiyo na madini hayo, na hiyo inayotumika sana inayeyuka kwenye nyuzi 217 kwenda juu. Juu ya hilo, pini zilizounganishwa na graundi zinanyonya joto kwa sababu graundi ni shuka kubwa la shaba ndani ya bodi, wewe unapasha pini lakini joto linakimbia. Sasa mtu anaona haiyeyuki anaweka pasi nyuzi 450 na kukandamiza, gundi inayoshika padi kwenye bodi inaachia kabla risasi haijalainika, padi inakuja na waya.

Dawa yake ni flaksi (ile ya kupaka ili risasi iyeyuke na kushika vizuri) na risasi mpya. Paka flaksi, weka juu ya ile ya zamani risasi kidogo ya kuyeyuka mapema, zichanganyike, tumia ncha pana badala ya ile kama sindano maana ncha nyembamba haibebi joto. Kati ya 320 na 370 kazi nyingi inafanyika. Ukiona unalazimika kubonyeza, jua joto halijafika, mkono hauna kazi hapo.

"Padi iking'oka ndo mwisho"

Sio mwisho kabisa, na hii nataka niikalie kidogo kwa sababu ndo watu wanapotupa vitu vizuri.

Padi ni mlango tu. Nyuma yake kuna njia ya shaba inayokwenda mahali, na pale inapokwenda unaweza kuikamata. Kwenye Game Boy Advance (GBA) ukiweka kioo cha IPS, kile cha kisasa chenye mwanga wake, kuna waya tatu za kurekebisha mwanga, zinaenda L, R na Select. Bodi ina sehemu za kupimia zenye majina, TP9 ni L, TP8 ni R, TP2 ni Select. Ukiing'oa mojawapo, weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye kitufe chenyewe, nyingine itembeze kwenye vitobo na miguu ya vipande vya karibu mpaka ilie, ukipata mahali panapolia waya wako unaweza kwenda hapo.

Ikiwa hakuna mahali pengine, unaifuata njia yenyewe. Chukua wembe mpya, kwangua rangi ya kijani pole pole, usikate, kwangua kama unafuta doa, mpaka shaba ing'ae kama milimita mbili hivi. Paka flaksi, iguse na risasi kidogo sana mpaka iwe ya fedha. Waya uwe mwembamba wa shaba wenye vanishi, kama ule unaozungushwa kwenye koili za mota ndogo, choma ncha yake vanishi iondoke, ulaze juu ya njia kwa mstari mmoja na njia yenyewe sio kwa kuikatiza, gusa mara moja na pasi, toa. Alafu funika na gundi ya mwanga wa UV maana jampa bila kushikwa likivutwa kidogo linaondoka na njia iliyobaki, na safari hiyo ukarabati ni mgumu mara kumi. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii ilinichukua jioni nzima na bado ile GBA inacheza.

"Kioo kipya ni kibovu, kinaonesha weupe tu"

Mara nyingi ni mkanda. Kilango cha soketi kinainuka au kinavutwa, mkanda unaingia bila nguvu yoyote, unafika mwisho, ule mstari kwenye mkanda unakuwa sambamba na soketi, ndo unafunga. Ukiwa umeinama kidogo tu unapata weupe, mistari au kioo kinachocheza cheza. Na kwenye GBA kumbuka bodi ziko za pini 32 na za pini 40, mkanda unaokuja na seti ya kioo uwe wa bodi yako. Kilango kikivunjika usibadilishe soketi siku hiyohiyo, kipande kidogo cha plastiki nyembamba nyuma ya mkanda kinabana vizuri na kinakaa miaka.

"Imekwama kwenye nembo, sasa ni tofali"

Tofali ni konsoli iliyokwama kwa sababu ya programu, haianzi tena. Hapa inategemea konsoli na inategemea ulifanya nini kabla. Nina huruma sana na watu wa kundi hili kwa sababu hawajagusa hata skrubu moja na wanaambiwa watupe.

PSP za Sony za mwanzo zinafufuliwa na betri iliyobadilishwa namba yake ya ndani, ile ya Pandora, ikiona namba hiyo konsoli inaacha memori yake ya ndani na kuanzia kwenye memori kadi. Ila PSP-3000 na zile PSP-2000 zenye bodi ya TA-088v3 zinakataa, kwa hiyo angalia bodi kabla ya kuhangaika. 3DS ya Nintendo ina njia nzuri zaidi, inaitwa ntrboot, inatumia kadi maalumu ya gemu iliyoandaliwa, unashikilia Start, Select, X na pawa kifuniko kikiwa kimefungwa, na kwa vile huwezi kubonyeza vitufe kifuniko kikiwa kimefungwa unaweka sumaku pale kwenye sensa ili konsoli idhani imefungwa. Kosa lenyewe liko kwenye programu ya kwanza kabisa iliyochongwa ndani ya chipu, haifutiki, ndo maana hata memori ikichafuka njia bado ipo. Switch zilizotoka 2017 mpaka katikati ya 2018 ni hivohivo, zilizofuata zikazibwa kiwandani.

Na hapa kuna dhana nyingine ndani yake, kwamba unaweza kuchukua bakapu (nakala) ya NAND, yaani memori ya ndani, ya mwenzako ukaiweka kwako. Kwenye Switch haifanyi kazi hivyo, memori imefungwa kwa funguo za konsoli ileile. Bakapu yako mwenyewe, pamoja na funguo zako, iliyochukuliwa kabla ya kumodi, ikiwa imenakiliwa sehemu mbili, hakuna kitu kinachoizidi.

"Piga bloa bodi nzima, itarudi"

Ukipiga bloa, ile ya kupuliza hewa ya moto, inaweza kurudi siku mbili tatu. Joto limetanua kitu kikagusa, hakuna kilichotengenezwa, na njiani umeyeyusha soketi za plastiki na kulegeza vipande ambavyo vilikuwa vizima. Bloa ni ya kutoa kipande unachokijua, huku ukifunika majirani na ile tepu ya njano inayovumilia moto, betri na kioo vikiwa mbali na meza.

"Betri imechubuka kidogo tu, iko sawa"

Hapana. Betri ya lithiamu iliyotobolewa, kukunjwa au kuvimba haichajiwi tena hata mara moja, inaweza kushika moto baadaye ukiwa umelala. Ile ya Switch imegundishwa kwa nguvu na watu wanaichokonoa na bisibisi bapa, usifanye hivyo, dondoshea pembeni spiriti ya isopropili, subiri, inua na kadi ya plastiki.

Spiriti yenyewe iwe ya asilimia 90 na zaidi, yenye maji mengi haisafishi flaksi inaisambaza. Na bisibisi, skrubu nyingi za Kijapani ni za kiwango cha JIS, bisibisi nyota ya kawaida inateleza na kula kichwa. Usichanganye skrubu ndefu na fupi, ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa bodi.

"Usimwambie fundi kama ulijaribu mwenyewe"

Watu wanaona aibu, wanasafisha flaksi, wanafunga, wanasema "ilizima tu". Fundi anaanza kutafuta kwenye njia ya chaji wakati tatizo liko pale ulipochomea waya wa nne. Hakuna fundi wa maana atakayekucheka, sote tumeng'oa padi. Mwambie ulifungua nini, uligusa wapi, betri ilikuwa ndani au nje, ilizima lini, na mpe vile vipande vilivyodondoka hata kama unaona havina maana, kapasita iliyoruka ukiwa nayo inaweza kurudishwa palepale.

"Imewaka, imepona"

Bado. Usifunge skrubu zote. Iache mezani icheze nusu saa, gusa kwa kidole karibu na fyuzi na chipu ya pawa usikie kama kuna sehemu inachemka kuliko kwingine, chomeka chaja uone taa na uone kama asilimia inapanda kweli, jaribu L na R, sauti, kadi ya gemu, kisha izime na uiwashe mara tano. Ikizima ghafla ukiigeuza au ukiibonyeza kava, rudi kwenye mkanda na kwenye jampa lako kabla ya kugusa kitu kingine chochote.